Magoti ya Mwepesi

Enzi watu walipoanza kulima, aliishi mwanamke aliyepewa jina la Mwepesi, kwa kuwa usichanani alizunguka pori akichuma matunda na kuchimba mizizi, na adhuhuri ilimkuta ameshiba, anapumzika. Sasa mumewe alikuwa amepanda nafaka kando ya mto, na Mwepesi alishinda amepiga magoti akisaga, hata magoti yakamvimba kama maboga.

Siku moja dada yake alipita na kundi lao la zamani, ambalo bado lilihamahama.

"Mdogo wangu, mbona umezeeka kuliko mimi? Inuka twende!"

Mwepesi akainuka. Akambeba mwanawe kichanga mgongoni na wa pili kiunoni. Wa tatu akamng'ang'ania mguu akilia, asiweze kupiga hatua. Dada alikuwa na mtoto mmoja tu, maana waliohamahama hawakuzaa mfululizo hivyo. Kundi likasubiri kidogo, kisha likaenda zake.

Mwepesi alirudi nyumbani kwa hasira. Mumewe alikuwa kivulini, akifukuza ndege kwa mdomo.

"Mama watoto, unga uko wapi?"

Akalibwaga jiwe la kusagia mbele yake. "Shamba ni wazo lako. Saga mwenyewe!"

"Watu watanicheka."

"Wacheke, halafu uwape wanao hicho kicheko wale!"

Mume akapiga magoti. Unga haujajaa hata kiganja, tayari ameshika kiuno anaguna. Mwepesi hakumwonea huruma hata chembe. Tangu hapo walisaga kwa zamu, lakini kila kundi lilipopita ng'ambo ya mto, Mwepesi alitema mate chini kwa uchungu.