Tunaenda kwa Nani?

Mama yangu hakuwahi kukataa kutembea. Alichokataa ni kwenda mahali pasipo na mtu. Nilichelewa kulielewa hilo, na mimi ndiye mwalimu pale nyumbani.

Papa, baba yetu, alikuwa amefariki. Tulimzika kwenye kilima cha wazazi wake huko Kabare, juu ya mji, kilio kikaisha, watu wakarudi makwao na viti vya kukodi vikarudishwa. Maman akajifungia katika nyumba yetu ya Bagira. Mwanzoni tulisema anapumzika. Ikapita miezi minane hajavuka geti. Hata misa ya Jumapili aliisikiliza redioni. Kopo la sukari lilibaki limejaa juu ya kabati, kwa sababu aliyekuwa anatia vijiko vitano kwenye kikombe kimoja hakuwepo tena. Miguu ya Maman ikaanza kuvimba. Muuguzi wa jirani akatuambia atembee, la sivyo miguu itasahau kazi yake.

Kaka yangu mkubwa, anayekaa Kinshasa, alizipata habari hizo kwa simu na kwa simu hiyohiyo akatoa hukumu. Likizo kubwa ikifika na hali ikiwa bado hivyo, atatuma tiketi ya ndege, Maman ahamie kwake, ghorofa ya tatu. Alisema jengo lina lifti. Sikumuuliza kama lina umeme.

Mimi hukasirika upesi na hupoa polepole. Maman hajui Kilingala zaidi ya kile cha nyimbo na cha wanajeshi. Nani angemsalimia kule asubuhi kwa Mashi, lugha yetu? Niseme wazi, niliogopa. Niliona tutamsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu akiwa mzima, na ndege ya kurudi ituletee sanduku.

Katika hasira hiyo nikapata wazo, na nusu ya wazo lilikuwa kwa faida yangu. Nimefundisha jiografia miaka mingi. Nimelichora Ziwa Kivu ubaoni mara nyingi kuliko nilivyooga ndani yake. Siku moja mwanafunzi aliniuliza ziwa linaishia wapi hasa na mto Ruzizi unaanzia wapi. Nikamjibu, "Pale karibu na daraja," nikageukia ubao haraka, maana sikuwa najua. Swali hilo liliniwasha kwa miaka. Basi nikasema nitamtembeza Maman Jumamosi kwa Jumamosi, yeye apate miguu, nami nipate majibu.

"Maman, twende tuangalie pale Ruzizi inatokea mu ziwa."

"Tunaenda kwa nani?"

"Kwa Ruzizi."

"Ruzizi iko na mulango? Nani atatufungulia?"

"Maman, tunaenda tu kuangalia maji."

"Maji iko mu bidon," akasema, akalionyesha dumu la maji kwa kidole, akageukia ukuta.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia kuna Wazungu wanavuka bahari kuja kuitazama milima yetu. Akasema pengine kwao hakuna mtu wa kuwapokea. Nilitoka nje nikafua shuka ambazo zilikuwa safi.

Wiki mbili zilipita kabla sijaelewa. Maman amelelewa vilimani, ambako mtu hutoka kwake akaenda kwa mtu, na mkono wake unabeba kitu. Anayekwenda kusimama juu ya kilima, akatazama, akarudi, ni kichaa au ni mtu anayetaka kuuza kiwanja cha wengine. Kumbe nilikuwa namwalika mjane wa watu akajiaibishe.

Basi nikashuka peke yangu hadi Ruzizi kutafuta mtu. Nikampata mama mmoja anayekaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, kando ya njia iendayo darajani. Ni Mwislamu, familia yake ilikuja kutoka Uvira, na ushungi wake ulikuwa mweupe ajabu kwa mtu anayeshinda mbele ya mafuta. Nikamweleza ukweli wote: nina mama, hatoki, naomba aje kukutembelea. Alicheka hadi akaweka mwiko chini.

"Umulete. Lakini nitamukalisha wapi? Niko na kibao kimoja."

Nikarudi nyumbani. "Maman, kuna mama moja kule Ruzizi anakusalimia. Anasema uende umuone."

Akauliza bila kugeuka: "Iko na batoto ngapi?"

Sikujua.

"Unakutana na mutu, hauulizi batoto? Na unafundisha!" Akainuka kutafuta kikapu.

Alivaa vikwembe, vitenge vyake vya sikukuu, na viatu vya kanisani. Alilishusha kopo la Papa, akavunjavunja sukari iliyoanza kuganda, akamimina kiasi kwenye mfuko na kuweka mche wa sabuni. Mimi nilikuwa na raba, chupa ya maji na daftari. Tulipopita geti nilitazama mbele tu, nisije nikamshtua. Kila mteremko tulipumzika, na kila tulipopumzika aliuliza kama mwenyeji wetu hatakuwa amechoka kungoja.

Nikawaacha wawili hao kwenye kibao kimoja, nikashuka majini na fungu la majani ya mkaratusi. Nilitupa jani, nikaliangalia. Likaelea palepale. Nikasogea hatua kumi, nikatupa jingine. Mwanajeshi wa mpakani akaja kuniuliza natupa nini, nikamwambia majani, akakaa kutazama pamoja nami, naye akaanza kuyachuma. Jani la saba lilisita, likajizungusha, kisha likaanza kwenda mbio. Nilipiga kelele ya furaha, mtu mzima mimi, na mwanajeshi akapiga makofi.

Nikapanda mbio kuwaeleza.

"Tunajua," Maman akasema, mdomo umejaa sambaza. "Ni pale ku jiwe jeusi. Bavuvi banapaita mulango. Samaki akipita pale, harudi tena. Nilikuambia, iko na mulango."

Hakuniambia, aliniuliza. Lakini nilinyamaza, maana tangu msiba sikuwa nimemwona akilamba vidole.

Muuza sambaza ndiye aliyetupatia mtu wa pili, mteja wake wa zamani aliyeolewa upande wa Katana, mbele ya Kavumu, karibu na maji ya moto. Mwaka ule barabara ilikuwa inapitika. Safari hii niliuliza kabisa: watoto sita, mapacha wamo. Nilibeba yai, nione kama chemchemi italichemsha. Maman alibeba sukari.

Maji yanatoka chini ya mawe yakitoa mvuke, watu wanafua, wanaoga, wanapiga soga. Mwenyeji wetu akamkalisha Maman pale maji yanapopoa kidogo na kumtia miguu ndani. Nikaanza kueleza habari za volkano na miamba. Hakuna aliyenisikiliza.

"Bibi yangu alikuwa anasema," mwenyeji akamwambia Maman, "huku chini kuna mwanamuke anapika. Bwana yake alisafiri, hakurudi. Anaogopa akizima moto, bwana atakuta chakula imepoa."

Maman aliyaangalia maji.

"Na anapika mupaka sasa?"

"Mupaka sasa."

"Amechoka sana huyo," Maman akasema. Akalia pale, miguu majini, kilio ambacho hakulia hata siku ya maziko, na yule mama akamshika mgongo kana kwamba wamezaliwa pamoja. Mimi nilisimama na yai langu. Liliiva nusu.

Likizo kubwa ikafika, na kaka akapiga simu: tiketi anaikata wiki hiyo. Maman akaniomba simu.

"Papa," akamwambia, maana ndivyo anavyomwita mwanawe wa kwanza, "siwezi kuja. Niko na bageni."

"Bageni gani, Maman?"

"Nilienda kwao. Sasa ni bo banakuya kwangu. Bakuye basinikute?"

"Banakuya siku gani?"

"Mugeni hasemake siku."

Nilitoka uani kucheka, nikajikuta machozi yananitoka.

Na kweli wakaja. Muuza sambaza alifika Ijumaa moja baada ya sala na ndoo ya samaki. Wa Katana akaja na pacha mmoja na mkungu wa ndizi. Kaka alipopata habari akapiga tena: basi, wageni wamekuja, wamekwenda, sasa tiketi.

"Ah, papa," Maman akajibu kwa huruma, kama anayemweleza mtoto. "Bamekuja. Sasa tena ni zamu yangu."

Kaka yangu ni mwanasheria. Tiketi hakuikata.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, mlima Kahuzi ulijitokeza wote bila wingu. Nikamkuta Maman getini amevaa vikwembe vya sikukuu, kikapu mkononi, kopo la sukari ndani yake. Sikuwa nimemtafutia mtu wala kupanga lolote.

"Tunaenda kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa papa yako."

Tangu maziko hakuwa amekanyaga kule. Tulipanda Kabare polepole, na safari hii hakuuliza kama tunangojwa. Juu ya kilima upepo ulikuwa mkali. Watu husema mji wetu ni mkono uliochovywa ziwani, vidole vitano, na mimi husema hivyo darasani, lakini hadi siku ile sikuwa nimevihesabu. Nilivihesabu mara mbili. Cha tano hujificha nyuma ya cha nne. Lazima usogee mpaka karibu na kaburi ndipo ukione.

Kwa hiyo nilikuwa karibu, nikasikia. Maman alikuwa amechuchumaa, anapukutisha sukari ya mwisho juu ya udongo, anagonga kitako cha kopo kwa kiganja. Alimsalimia kwa Mashi, akampa habari za watoto, za Ruzizi, za yule mwanamke anayepika chini ya mawe. Kisha akasimama, akajipangusa magoti.

"Lakini hii matembezi usirudishe," akamwambia. "Mimi ndiye nitarudia kwako."