Sailensa Niliyomfungia Kijana wa Iyula

Namshukuru Mungu anayetulinda tutokapo na tuingiapo, aliyenipa umri mrefu na macho ambayo bado yanaiona njia ya kanisani. Nasema hivi mapema ili usinidhanie mtu wa hadithi. Sina hadithi. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe hapa Tunduma, siku zile tukiwa bado Mkoa wa Mbeya, na kama ningeulizwa ningesema limpate mtu mwenye subira kuliko mimi.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza ekzosi za magari. Karakana ilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, mitungi ya gesi ya kuchomelea kwa sababu umeme ulikatika ulivyotaka, na ukuta mzima wa sailensa zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa. Jirani yangu alikuwa Mama Chanda, mwanamke wa Kizambia aliyeuza samaki wakavu na kunitania kutwa nzima. Aliniita bashikulu, yaani babu, hata kabla sijapata mvi.

Jioni moja ya ukungu, jua bado halijazama, liliingia gari jeusi la mbio. Lilikuwa na injini ya silinda nane na mabomba mawili nyuma, gari ambalo huku kwetu unaliona mara moja ukalisimulia wiki nzima. Lakini lilikuwa linakwaruza na kubweka vibaya. Mama Chanda alifunika samaki wake kama vile kelele zingewachafua.

Dereva alikuwa kijana. Nikasubiri shikamoo, haikuja. Nikasubiri ashuke, hakushuka. Alishusha kioo kidogo akaongea akiangalia mbele.

"Fundi, nataka sailensa. Isiwe ya kelele."

Nikajiambia, haya, watoto wa siku hizi. Nikavaa glavu, nikaingia shimoni, nikafungua ile ya zamani. Ilikuwa imeoza kabisa. Nilipoikung'uta ukamwagika udongo mwekundu na mizizi. Nikamuuliza kwa sauti gari alikuwa analilaza wapi, shambani?

Nilichagua sailensa nzito ya gari la ofisi, nikaifunga kwa waya ili tuisikilize kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yangu, sichomelei mpaka mwenye gari aseme ndiyo. Akawasha. Gari likawa kimya kama la mchungaji.

"Siyo," akasema. "Mama hatajua kuwa ni mimi."

Nikaitoa. Nikafunga nyingine, bomba lililonyooka lisilo na kizuizi ndani, ile wanayoipenda vijana wa mashindano. Akawasha. Mabati ya karakana yalitetemeka.

"Siyo. Mama hatanifungulia."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Nilipanda juu ya shimo nikafuta jasho. Nikasema, "Mwanangu, unataka mama asikie au asisikie?"

"Asikie kuwa ni mimi, lakini asikasirike. Nilimwahidi nitabadilisha. Kila jioni nafika getini, hafungui."

"Shuka basi ubishe hodi."

"Siwezi kushuka."

"Una mguu mbovu?"

Kwao ni Iyula, kule Mbozi, akasema, nyumba ya mwisho baada ya mashine ya kahawa, geti la kijani. Alisema kama mtu anayetoa maelekezo kwa mtoto. Nilikuwa na ibada ya jioni, mke wangu ananisubiri, na huyu bwana mdogo ameketi kwenye kiti chake ananituma chini ya gari kama nyoka. Nilimwomba Mungu anipe upole. Alinipa kidogo.

Ukutani ilikuwa imebaki moja ambayo sikuwahi kumpa mtu, sailensa ya kupishana, iliyotoka ng'ambo kwenye gari lililokatwa vipande. Injini kama ile inapumua pande mbili, kushoto na kulia, na kila upande unapiga kwa zamu yake, ndiyo maana inabweka. Ndani ya sailensa ya kupishana moshi wa kushoto unakutana na wa kulia, unavuka, kisha unatoka. Injini haikabwi, mlio haufi, ila ule ugomvi wa pande mbili unakwisha. Nikaifunga kwa waya.

Akawasha. Niamini, nimesikiliza ekzosi maisha yangu yote na sijasikia mlio kama ule. Ulikuwa mzito, laini, wa gari moja tu duniani.

Kijana akasema, "Hiyo."

Akazima, nikachomelea vizuri, kazi ya kudumu. Nikamwambia awashe tena nisikilize kama panavuja. Aliliungurumisha pale muda mrefu, bomba lilitakiwa liwe la kuunguza nyama. Nilikuwa nimeshavua glavu. Nikapanda kutoka shimoni, mguu ukateleza kwenye oili, nikalidaka bomba kwa kiganja cha kulia.

Lilikuwa la baridi. Si vuguvugu, baridi, kama chuma kilicholala nje Mbozi mwezi wa Juni. Lilikuwa na umande.

Nikaliachia nikasogea pembeni. Ndipo gari likarudi nyuma taratibu, likaingia barabarani, likafuata njia ya Vwawa.

Nilikwenda kwa Mama Chanda nikitafuta mtu wa kulalamika naye. "Umeona kijana asiye na adabu yule?"

"Kijana gani, bashikulu? Mimi nimeona gari tu. Nilisema moyoni, leo babu amechoka, anagombana na gari."

Usiku ule mke wangu aliomba nami, kisha akasema niende Iyula nikaulize. Asubuhi nilikwenda. Mashine ya kahawa ipo, geti la kijani lipo, na ndani, pembeni ya mibuni, kaburi lenye jina Lusekelo. Mama aliyenifungulia alikuwa wa umri wangu. Nilipotaja kazi yangu alinitazama kwa hasira.

"Kumbe ni wewe."

Alinikalisha akanieleza bila kulia. Lusekelo alikuwa mwanawe wa kwanza. Jioni ya mwisho walizozana kwa ajili ya kelele za gari, akamwambia asirudi na kelele zile nyumbani kwake, akafunga geti. Kijana aliondoka akisema atabadilisha sailensa. Kwenye mteremko wa mto gari likatoka barabarani. Yeye walimtoa, gari liliachwa bondeni, udongo ukalifunika.

"Tangu hapo linakuja kila jioni," akasema. "Lakini lilikuwa linakwaruza, kaka. Niliweza kusema ni lori la mahindi. Miaka yote hii nimesema ni lori, na nimelala. Jana nimesikia mwanangu. Umeninyang'anya lori langu."

Nimwambie kwamba kazi yangu ni nzuri?

"Nifungue geti nikamwone nini?" akauliza. "Na nisipofungua, nitaishije na mlio ule?"

Nikamwambia nitakaa naye. Akasema, "Utakaa, ndiyo. Umemfungia wewe, geti utalifungua wewe."

Tuliomba, tukanywa chai, tukaomba tena. Jua likishuka ukungu ulipanda kutoka bondeni, na mlio ukaja nao. Naujua mkono wangu katika kazi. Nilitambua hata mahali nilipochomelea. Ukasimama nje ya geti. Nikavuta komeo nikafungua mabawa yote mawili. Hapakuwa na gari. Mlio ulipita kando yangu, nikahisi baridi kwenye kiganja, ukaenda mpaka kwenye kaburi penye mibuni, ukabaki pale ukinguruma.

Mama alikuwa mlangoni ameshika fremu. Nilidhani atakimbilia ndani. Akasema, kwa sauti ya mama aliyechoka kusubiri huku chakula kinapoa:

"Zima gari, Lusekelo. Watu wanataka kulala. Ingia ule."

Mlio ukazimika.

Haujarudi. Mama yule alipata usingizi, na mpaka Mungu alipomwita geti lake halikufungwa tena kabla ya giza. Mimi nilibaki na kiganja hiki, ambacho tangu siku ile hakijui moto. Nimeungua mara nyingi bila kusikia, nagundua nikiona malengelenge. Namshukuru Mungu mkono wa kushoto ni mzima.

Kwa hiyo wewe fundi unayesoma, usiingie chini ya gari mpaka mwenye gari ashuke mshikane mkono, hata akikuona mzee msumbufu. Na wewe mzazi, kama mtoto anakukera, mkasirikie akiwa ndani, geti usilifunge. Mungu akulinde njiani, na kila urudipo akupe mtu wa kukufungulia.