Kisanduku cha Wumbei

Wumbei, mtoto wa dada yangu, ni fundi wa kurekodi sauti hapa Tamale. Kompyuta yake ya mezani inatumia mfumo huria, ule wa bure unaotengenezwa na watu wasiojuana, na ameiunga kwa waya wa USB na kisanduku cha sauti, kile cha kuchomekea maikrofoni. Alijifundisha peke yake, kama mimi nilivyojifundisha kusoma. Kwa hilo namheshimu.

Zamani sisi wa ukoo wa ngoma, tunaotunza majina ya machifu kwa kuyapiga na kuyataja, hatukurekodi kitu. Mtoto alikaa miguuni pa mzee miaka kumi, akikosea anachapwa. Siku hizi watoto wetu wanauza laini za simu. Majina ya machifu wa kwanza yalibaki kichwani mwa Baba Napari, mzee wetu wa ngoma, peke yake, na kifua chake kilishaanza kukoroma.

Majina hayo hayatajwi bila damu. Tulinunua kondoo dume, akachinjwa asubuhi. Wumbei alishajaribu mitambo, sauti ikaingia vizuri. Mara umeme ukakatika. Uliporudi, akaiwasha kompyuta upya.

"We mtoto, hujamaliza kuchezea nyaya?" Napari akamwambia. "Au unangoja kondoo afufuke akusaidie?"

"Tayari, Baba. Anza."

Napari akaibana ngoma kwapani, akaanza kuyataja majina. Wumbei akavua vipokea sauti vya masikioni, akachuchumaa, akainamisha kichwa kama sisi sote. Nani huziba masikio wakubwa wakitajwa? Nani hukodolea kioo cha kompyuta?

Ngoma iliponyamaza, akasikiliza alichorekodi. Kimya kitupu. Mfumo ule hugawa namba kwa vifaa vya sauti kila unapowaka, na yeye alikuwa ameuelekeza kwa namba, si kwa jina la kifaa. Umeme uliporudi, namba ya kisanduku ilichukuliwa na tundu la maikrofoni la kompyuta yenyewe, ambalo halikuchomekwa kitu.

"Baba, nisamehe. Turudie kidogo tu."

"Kidogo? Hawa wakubwa ni shemeji zako, uwaite waje waende? Kondoo mmoja, mara moja. Na pumzi ya kondoo wa pili sina, mwanangu."

Napari alizikwa Ijumaa iliyofuata.

Watu wanamsema Wumbei sokoni na msikitini. Mimi sisemi. Siku ile nilikaa hatua mbili kutoka kwa Napari, mimi mwana wa ngoma, nikasikia yote mwanzo hadi mwisho. Sikushika hata jina moja. Nilijua mashine inashika.