Sista Kabula kwenye Jamvi la Msimbu

Jirani yangu Kabula anaitwa Sista na watu wote hapa Tumbi, na karibu kila mmoja ana maana yake. Wazee aliowahi kuwadunga sindano wanamwita Sista kwa sababu alikuwa nesi mpaka alipostaafu. Waumini wageni wa parokia yetu wakiona gauni lake refu la kijivu, hana pete wala mume, wanadhani ni mtawa. Kuna mama alimsimamisha sokoni amwombee mwanawe afaulu mtihani, na Kabula akasali palepale kwenye mafungu ya nyanya, maana kumweleza ukweli kungechukua muda mrefu zaidi. Vijana wa bodaboda nao wanapiga kelele, "Sista, twende!" lakini hao hata mbuzi akivaa kitenge watamwita hivyohivyo.

Mimi nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote na maneno yakitumiwa ovyo yananiwasha. Asubuhi moja tulikuwa tunachambua mchicha barazani kwangu, nikampa somo ambalo hakuniomba. Nilimwambia kwamba Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la dada, wakaja mabaharia wa kaskazini waliovamia pwani zao, na neno likabaki na sauti ya wavamizi. Watawa waliokuwa wakiuguza wagonjwa wakaziachia wodi jina hilo, na manesi wakalirithi hata walipokuwa hawana utawa wowote. Siku hizi kuna kampuni masista na meli masista, na hapa mjini kwetu sista duu ni msichana wa mikogo na kucha ndefu. Nikamalizia na lile ninalolipenda mwenyewe: kwamba baadhi ya wachimbaji wa mizizi ya maneno wanakisia kuwa zamani mno, kabla Kiingereza hakijazaliwa, lilimaanisha tu mwanamke wa kwetu.

Kabula aliendelea kung'oa mizizi ya mchicha. "Mwalimu Laurensia, kwetu Shinyanga tulizaliwa wengi, na wote wanaume isipokuwa mimi. Wameniita Sista hadi masikio yamechoka, lakini dada wa mtu sijawahi kuwa. Sijawahi kugombana na mtu kwa ajili ya kanga."

"Na Tunu akikuita?"

"Tunu ni mtani wangu," akasema huku akicheka. "Maneno ya mtani utayaamini vipi?"

Huyo Tunu alikuwa Mzaramo wa Msimbu, kule Kisarawe, aliyeolewa Janga. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kabula alikuwa nesi kijana kwenye zahanati ndogo upande wa Janga siku Tunu alipoletwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Alikuwa anaita "Sista! Sista!" kama wanavyoita wote. Kabula akamsemesha, na lafudhi ya Kisukuma ikamfichua. Tunu akanyamaza katikati ya uchungu, akamtazama juu mpaka chini.

"Mungu wangu, Msukuma! Yaani mtu aliyezoea kuzalisha ng'ombe ndiye atanizalisha mimi?"

"Ng'ombe wana adabu, hawapigi kelele hivi," Kabula akamjibu. "Sukuma!"

Mtoto akazaliwa, wakamwita Fadhila. Tangu siku hiyo wanawake wale hawakuachana. Tunu akija Tumbi analeta mihogo na nazi, anaingia bila hodi na kutangaza kwa sauti kuwa amewaletea chakula Wasukuma wasiojua kupika. Kabula naye akipata michembe kutoka kwao anamwekea Tunu fungu lake, huku akimsema kwamba Mzaramo akiona viazi vikavu anadhani ni dawa. Fadhila alipougua surua utotoni, Kabula alikesha naye. Mume wa Tunu alipofariki na Tunu akarudi Msimbu kwenye shamba la wazazi wake, Kabula akawa anakwenda huko kila alipopata nafasi, na akirudi ananiletea mananasi na habari. Nilikuwa naona wivu kidogo, nisiseme uongo. Mimi nina madada wa damu, na hatujawahi kuchekeshana namna ile.

Mwaka huu moyo wa Tunu ulichoka. Kabula alimtibu kwa maneno makali na vidonge, akampeleka kliniki, akamkataza chumvi, akamtukana kila alipoiba kachori. Siku moja alfajiri Fadhila akampigia simu. Niliposikia mlango wangu unagongwa nikajua, kwa sababu Kabula hagongi, huwa anaita.

Tulifika Kisarawe mjini mapema, tukakodi bajaji ya kutupeleka Msimbu. Kabula alikuwa ameshikilia mkoba wake magotini na hakulia njia nzima. Nilifikiri ni ule ugumu wa manesi. Kumbe alikuwa na hofu, na hofu yenyewe akaisema tulipoanza kuona mikorosho ya Msimbu.

"Mwalimu, nitakaa wapi?"

Sikumwelewa, akanifafanulia. Kwenye msiba wa Wazaramo, mtani wa Kisukuma ana kazi yake. Haji na sura ya huzuni. Anaingia akimsema vibaya marehemu, anamwigiza anavyotembea, anawapaka wafiwa majivu au unga na kuwatoza faini, mpaka wale waliovunjika moyo wacheke kidogo. Tena ndiye anayechota maji, anayekata kuni na kupika, kwa sababu mfiwa haruhusiwi kushika kazi. Mfiwa anakaa kwenye jamvi na kulia.

"Nikikaa jamvini wataniuliza nimekaa kama nani," akasema. "Mimi Msukuma, tena Mkristo. Na nikienda jikoni na watani nitawachekesha watu vipi, Mwalimu? Mimi ninataka kulia."

Nikamwambia dereva aendeshe vizuri, ingawa alikuwa anaendesha vizuri.

Uani kulikuwa kumejaa watu. Watani walishafika, wakiongozwa na mzee Abednego, Msukuma mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake muda mrefu. Alikuwa amevaa gauni la marehemu juu ya suruali yake, anatembea kwa kuchechemea kama Tunu, na wanawake wawili watatu walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Alipomwona Kabula akapaza sauti kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka! Wamefika wenye kazi!" Watu wakageuka, wakamngoja. Kila mtu Msimbu alikuwa anajua kuwa huyu ndiye mtani wa Tunu hasa, na walitaka kusikia.

Kabula akavuta pumzi. "Nyie Wazaramo," akaanza, "afadhali Tunu amekufa, maana wali wake ulikuwa..."

Hakuweza kumaliza. Alisimama pale na mdomo wazi, na watu wakaendelea kungoja, na mimi nikatamani ardhi impe hata kiti. Halafu akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye mafiga nyuma ya nyumba, akachukua mwiko mkubwa kwa mama mmoja na kuanza kusonga ugali wa waliokuja kuchimba kaburi. Alisonga kwa nguvu zake zote, uso umeangalia sufuria. Niliona amekwisha kuamua kwamba hapo ndipo mahali pake, na moyo uliniuma.

Fadhila akatoka ndani. Siku hizi ni mama wa watoto, lakini siku hiyo alikuwa na macho ya mtoto. Tangu azaliwe alikuwa akimwita Kabula Sista, kwa kumwiga mama yake.

"Nipe huo mwiko," akasema.

"Niache, mwanangu. Mtani hakai bure."

"Mtani hakai, najua. Na mfiwa anapika?" Akaushika mwiko juu ya mkono wa Kabula. "Mama mkubwa, usituaibishe. Watu waseme Tunu kafa, na dada yake kaachwa anasonga ugali msibani?"

Kabula aliuachia mwiko. Nadhani hata hakujua kuwa ameuachia. Fadhila akamrudishia yule mama, kisha akamshika Kabula mkono na kumwingiza ndani kama anavyoingizwa mtu asiyeona, nami nikafuata. Wanawake kwenye jamvi wakasogea. Hakuna aliyeuliza kitu. Shangazi wa marehemu, bibi mkavu mwenye sauti ya kukwaruza, akavua kanga moja mabegani mwake akamfunika nayo. Kabula akaitikia shikamoo za walio wadogo kwake na kuwaamkia waliomzidi, lakini alikaa ukingoni, mgongo umenyooka, kama mgeni aliyekaribishwa chakula akiwa anaaga. Machozi yalikuwa hayajatoka.

Ndipo Abednego akajitokeza mlangoni na sahani ya unga.

"Nyie Wazaramo, nazi mmemaliza, sasa mnamaliza na machozi?" Akaanza kuwapaka unga mmoja mmoja, huyu kwenye pua, yule kwenye shavu. Shangazi mtu alimtishia kwa bakora, akamruka. Akafika kwa Kabula. Siku zote hao wawili wakikutana pale Msimbu wanaamkiana Kisukuma na kuulizana habari za nyumbani, kwa sababu ni watu wa nyumbani, na Msukuma hamtanii Msukuma mwenzake. Abednego akaiangalia ile kanga, akamwangalia Fadhila aliyemshika mkono. Kisha akachovya vidole kwenye unga, akampaka paji zima la uso.

"Na huyu Mzaramo mnene analia nini? Dada yake si alikuwa mchoyo, anamficha pilau kila akija?"

Kabula alinyanyua uso. Unga ulikuwa unamdondokea kwenye kope. Nilimwona anatafuta jibu, na lilipotoka sikuamini masikio yangu, mimi ninayejua alivyojivunia Usukuma wake.

"Toka hapa, Msukuma wewe, unanuka maziwa mabichi!" akasema. "Umefuata msiba au umefuata ubwabwa? Mwacheni dada yangu apumzike!"

Jamvi zima likalipuka kwa kicheko. Abednego akarudi nyuma akijifanya amechomwa mkuki. Kabula naye alicheka, unga usoni, mpaka kicheko kikamgeuka. Akamwegemea Fadhila akalia kwa sauti kubwa, bila haya, na akaendelea kulia mpaka wanaume walipokuja kumchukua Tunu.