Seva ya Tusekile na Baba Mkwe Asiyesemeshwa

Saa moja kasorobo asubuhi, Kyela mjini, Tusekile amesimama nyuma ya nyumba yake, amelipa mgongo dirisha la chumba cha uani, anaongea na kuku.

"Ugonile, kuku, umelalaje? Taa ya kijani inawaka?"

Kuku anaparua mchanga. Ndani ya chumba mtu anakohoa mara moja, na Tusekile anaondoka ameridhika. Kikohozi kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana.

Mwenye kikohozi ni mzee Ezra, miaka 71, baba mkwe wake. Hana mafua. Ni mtu wa Matema aliyelelewa katika desturi ya Kinyakyusa ya zamani: baba mkwe na mkwe wake wa kike hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani, na hiyo ndiyo heshima. Katika miaka tisa ya ndoa, Tusekile hajawahi kuona zaidi ya kisigino chake.

Tusekile (34) ana duka la steshenari karibu na soko, anachapa barua, kadi za harusi na mitihani ya shule. Mwaka juzi mafuriko yaliingia dukani yakaondoka na kompyuta pamoja na kazi za watu. Alilia, anasema, kama aliyefiwa.

Ndipo akaamua kujijengea seva nyumbani. Alinunua kompyuta iliyochoka ya ofisi kwa Sh180,000, akaitia diski mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, akajifunza kwa video za mtandaoni wiki sita. Sasa kila anachochapa dukani kinahifadhiwa nyumbani kupitia intaneti. Haina kioo wala kibodi; ni sanduku jeusi linalonguruma juu ya matofali, kwenye chumba cha uani ambako hata maji yakija hayalifikii.

Kwa bahati mbaya, chumba hicho mumewe, Eliud, alimjengea baba yake. Machi mwaka huu mzee akaja kutibiwa goti.

Jumapili ya kwanza tu, seva ikapotea mtandaoni. Tusekile alikuwa dukani akijiandaa kutoa mitihani ya shule tatu, nakala 1,200, zinazotakiwa Jumatatu asubuhi. Akakimbia nyumbani. Eliud alikuwa Ipinda akinunua kakao, simu haipatikani. Watoto na majirani wote kanisani. Aliyebaki ni mzee na goti lake.

"Ningeingia, mzee angefunga mzigo siku hiyohiyo," anasema. "Nisingeingia, shule zisingenirudia tena."

Hapo akapita kuku.

"Wewe kuku," akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "laiti ungekuwa na vidole, ungetazama kama waya wa lile sanduku jeusi umechomekwa."

Kikatoka kikohozi dirishani, mara mbili, naye akakichukua kuwa ni hapana. Baadaye ilijulikana kuwa mzee ndiye aliyeuchomoa, akachomeka simu yake. Aliona umeme wa mwanawe unaliwa na redio isiyosema.

Kuku alishaenda zake, ila Tusekile aliendelea kumwelekeza: chomeka, bonyeza kitufe cha duara, subiri. Baada ya dakika mbili sanduku likanguruma. Anakiri kwamba alipiga magoti palepale uani akalia. Mitihani ilifika shuleni Jumatatu saa moja na nusu asubuhi.

Mzee Ezra, tulipomuuliza, alikana kuvunja desturi. "Mimi sijaongea na mkwe wangu," alisema kwa utulivu. "Nimekohoa tu."

Tangu siku hiyo hagusi chai kabla hajakagua taa ya kijani ya sanduku. Eliud alipotaka kulihamishia sanduku stoo, mzee alikataa, akisema limeshamzoea.

Sasa goti limepona, na mwezi ujao anarudi Matema. Tusekile anadunduliza anunue mashine ya pili ikae huko kwa mzee, ihifadhi nakala ya kila kitu mbali na mafuriko ya Kyela. Mzee, kupitia Eliud, ameshaagiza seremala atengeneze rafu.

Lakini umeme ukisumbua Matema, itabidi mtu apige simu Kyela. Tusekile amewaza sana juu ya hilo.

"Kwenye simu hatuonani," anasema polepole. "Labda ataona si vibaya. Ningefurahi sana, hata akisema neno moja."

Hajui kama simu hiyo itakuja kupigwa. Namba ya mzee ameshaihifadhi, na jina alilolipa ni Fundi wa Matema.