Niliambiwa nizime muziki wa harusi, nikaurudia wimbo

Kwanza mnisamehe mwandiko. Nimeishia darasa la saba, na tangu hapo sijaandika zaidi ya jina langu na majina ya nyimbo. Mkikuta herufi imekosewa, irekebisheni wenyewe mkiwa mnasoma.

Nimekosa. Nilimkosea bibi mmoja siku yake ya mwisho, nikamkosea mjukuu wake, nikamkosea na binti aliyekuwa anamuuguza. Hata mama yangu sijamwambia. Nawaambia nyinyi wasomaji wa gazeti hili kwa sababu hamuijui sura yangu.

Mimi ni kijana wa Tanga, napiga muziki kwenye maharusi. Vyombo si vyangu, ni vya kaka mmoja nitakayemwita Rama. Majina yote humu nimeyabadilisha. Tangu utoto naona haya mbele za watu. Kazi hii niliipenda kwa sababu unakaa nyuma ya spika, watu wanacheza, hakuna anayekuuliza kitu.

Harusi ilikuwa Tongoni, alasiri. Bi harusi, Zaina, alilelewa na bibi yake, mama wa baba yake. Huyo bibi alikuwa mgonjwa, amelala chumba cha ndani. Tulipofika na vyombo niliuliza kama tupunguze sauti. Baba yake Zaina akaniambia, "Pigeni tu, mwanangu. Mwenyewe kasema anataka aisikie harusi ya mjukuu wake."

Basi tukapiga. Kosa langu si sauti.

Rama aliitwa mjini kwenye shughuli nyingine. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Usizime mpaka nirudi. Juzi ulizima katikati ya wimbo, nikatukanwa mimi." Nikasema sawa.

Kisha wakaingia wanawake wa upande wa bwana harusi, kutoka Pongwe, wanaleta begi la bi harusi, lenye nguo na zawadi zake. Mnajua begi linavyoingia. Haliendi mbele, linacheza. Hatua moja mbele, mbili nyuma, kanga zinapeperushwa, njia yote imejaa. Zaina yuko jukwaani mwisho kabisa, kafunikwa ushungi.

Hapo ndipo alipokuja Mwanaidi. Ni binti wa ukoo wao, aliletwa kutoka Maramba amtunze bibi. Aliinama sikioni kwangu.

"Kaka, zima kidogo. Bibi anamtaka Zaina."

"Si umfuate pale jukwaani?"

"Nimejaribu. Hawanipishi, wanadhani nataka kucheza. Nimeita, hawanisikii kwa spika zako. Zima, au niitie kwa maiki."

Maiki ilikuwa mezani. Mkono wangu ulikuwa karibu nayo kabisa. Lakini nikawatazama wale watu wote, nikafikiria wakinigeukia kwa pamoja. Nikamwambia, "Wimbo ukiisha."

Akasimama palepale, kashika ukingo wa meza, anangoja.

Wimbo ukaisha. Kabla sijafanya lolote mama mmoja wa Pongwe akapaza sauti, "Weye kijana, begi bado liko mlangoni unatuzimia? Rudia, nitakupa binti yangu uoe."

Mwingine akamjibu, "Umpe binti yako huyo anayeona haya kama mwali? Nani atamwoa mwenzie?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka kidogo, maana sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikabonyeza, wimbo ukaanza tena.

Mwanaidi alinitazama, akarudi ndani.

Wimbo ulipokwisha mara ya pili begi lilikuwa limefika jukwaani na vigelegele vinapigwa. Nikamwona Mwanaidi mlangoni, kanga imemwanguka kichwani na hajaiokota. Nikazima mwenyewe. Ndipo watu wakasikia kilio.

Kesho yake tulizika. Nasema tulizika kwa kuwa nami nilikwenda, nikatia mchanga kama wengine.

Baada ya mazishi wakubwa wa nyumba walikaa. Walitaka kujua kwa nini mgonjwa alikata roho na mjukuu aliyemlea yuko hatua chache tu, hakuitwa. Mwanaidi akasema alikuja kwangu. Akasema pia kwamba bibi aliacha ujumbe. Shangazi yake Zaina akamkatiza, "Usimlishe maiti maneno. Ulikuwa unacheza begi, ukamwacha mgonjwa peke yake."

Nikaitwa. Nikasalimia, "Shikamooni," wakaitikia. Baba yake Zaina aliongea nami taratibu. "Mwanangu, usiogope. Huyu alikuja kwako jana?"

Wote wananitazama. Nikaona nikisema ndiyo, wataniuliza la pili, na la tatu.

Nikasema, "Sikumwona."

Nilidhani Mwanaidi atanirukia. Alisema tu, "Haya." Hazikupita siku nyingi akarudishwa kwao Maramba, na kwenye ukoo ule jina lake likawa aliyemwacha bibi afe peke yake.

Tangu siku ile kuna kitu kimekufa ganzi ndani yangu. Sikulia. Nakula, nalala, nafanya kazi. Nikipiga muziki, mikono inajua yenyewe cha kufanya, lakini siusikii. Niliwahi kuupiga wimbo ule ule wa begi harusi nyingine, nikangoja nione uchungu. Haukuja. Nilikuwa kama mtu anayetazama mvua dirishani.

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha nilipokwenda Maramba. Nilimkuta Mwanaidi anapukuchua mahindi uani kwao. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi ya nini kwangu? Miye najua kama nilikuja kwako. Kamwambie asiyejua."

Nikamuuliza bibi alisema nini.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Alitaka amwekee Zaina mkono kichwani amwombee dua kabla hajaondoka kwao. Nilipomwambia njia imejaa watu, akasema, mwache acheze, ni siku yake. Mwambie radhi zangu anazo zote. Nikawaambia wakubwa, wakasema natunga. Zaina hajui mpaka leo. Anadhani bibi yake alikufa ana kinyongo naye."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Bibi aliacha radhi zake mikononi mwa mtu mmoja, na mimi nikamfanya mtu huyo kuwa mwongo.

Kutoka Maramba nilipitiliza mpaka Pongwe nyumbani kwa Zaina, kwa sababu nilijua nikifika kwetu kwanza sitatoka tena. Alikuwa na mumewe barazani. Nikasema yote nikiwa nimesimama, nikiangalia sakafu. Mwanaidi alikuja. Aliniambia. Nilirudia wimbo. Nikasema sikumwona. Na bibi kasema radhi zake unazo zote.

Mumewe akasimama. Zaina akamshika nguo akae.

Akaniuliza, "Alisema zote?"

"Zote, dada."

Akaingia ndani. Mumewe akaniambia niende, nikaenda.

Nasikia walituma watu Maramba na kanga na maneno ya kuomba msamaha, wamrudishe Mwanaidi. Kanga alipokea. Kurudi alikataa. Aliwaambia, "Nimewasamehe, lakini nyumba iliyongoja ushahidi wa mpiga muziki ndipo iniamini, siwezi kulala humo tena." Rama naye aliposikia kaniachisha kazi, na simlaumu.

Vijana wenzangu, haya ni nzuri mahali pake. Haya inayokufanya ushindwe kusema neno la kweli si adabu, ni kuwatupia wengine mzigo wako. Ukiletewa ujumbe wa mgonjwa, zima kila kitu, hata ukitukanwa. Matusi yanaisha siku ile ile.

Nilitegemea nikishasema nitalia, na ganzi itatoka. Haijatoka. Naomba mniandikie humu humu gazetini. Yeyote aliyewahi kusema kweli ikiwa imechelewa, anieleze kesho yake aliamka akafanya nini.