Chupa Niliyoipeleka Wilayani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mikono hunipoa, hata nikiwa nimeketi karibu na moto. Nakusimulia leo kwa sababu juzi nilikuona kibarazani, daftari la maji la kijiji mapajani, unajaza vipimo vya dawa ya kusafishia maji vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Sikutaka kukugombeza mbele ya wenzako. Ila niliogopa, na hofu hiyo naijua ilikotoka.

Nilipokuwa na umri wako nami nilikabidhiwa daftari kama hilo. Kamati ya maji ilinichagua kwa mwandiko wangu mzuri, ingawa wazee wawili walinung'unika kwamba kazi ya maji si ya msichana. Maji yetu yalitoka kwenye chemchemi ndani ya msitu, kule juu kuelekea kreta ya volkano, yakashuka kwa bomba hadi kwenye vilula sita vya kuchotea. Kila baada ya miezi mitatu ilinipasa kujaza chupa kwenye kilula cha mwisho kabisa, kuandika mahali na saa, kisha kuipeleka Karatu, wilayani, ikapimwe. Walikuwa wamenieleza wazi kwa nini kiwe cha mwisho: maji yakifika huko yamekwisha kupitia kila ubovu wa njiani.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilipofungua bomba la kilula cha mwisho, maji yalitoka na rangi ya majivu na harufu ya zizi. Nikasimama na chupa mkononi, nikiwawazia wale wazee wawili watakavyonicheka. Halafu nikajipa sababu, maana mtu akitaka kukosea hakosi sababu: kwetu mgeni hapewi maji ya mwisho wa ndoo, na serikali nayo si mgeni? Nikarudi nyumbani, nikajaza chupa kwa maji ya mtungini, ambayo mama alikuwa ameyachemsha na kuyapoza kwa ajili ya wageni. Kwenye karatasi nikaandika: kilula cha mwisho, saa moja asubuhi. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli.

Majibu yakarudi kwa barua kwamba maji yetu ni salama. Mwenyekiti aliyasoma kwenye mkutano wa kijiji, watu wakanipigia makofi, hata wale wazee wawili. Nilifurahi, mwanangu, siwezi kukudanganya.

Hazikupita wiki nyingi, watoto wa upande wa chini wakaanza kuhara. Bwana afya alikuja na pikipiki, akaomba daftari langu na ile barua, akasoma, akasema basi tatizo si maji. Akaenda kukagua vyoo, akamfungia biashara mama mmoja muuza uji. Nilimwona yule mama akirudi nyumbani na masufuria yake kichwani, nikapita njia nyingine. Tangu hapo nikisikia mtu anaharakisha njiani, nilidhani analeta habari ya msiba.

Kisha akaugua Danieli, mtoto wa mdogo wangu Ana, hajatimiza hata mwaka. Ana alikuwa ameolewa jirani na kilula cha mwisho. Nilipoingia kwake mchana ule, mtoto alikuwa amelala pajani, macho yamedidimia, analia bila machozi. Ana alikuwa anakoroga kikombeni ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Nikamuuliza kama maji ameyachemsha.

"Nichemshe ya nini, dada? Tangu barua yako isomwe sijachemsha. Kuni zenyewe tunazifuata kwenye nyati."

Nilipaswa kumpokonya kikombe. Lakini kumpokonya kungenilazimu kusema kwa nini. Nikakaa pale, nikamtazama mtoto akimeza kijiko kwa kijiko, hadi kikombe kikaisha. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na siku hiyo nilijua kilichovunda ni mimi.

Nilitoka mbio hadi kwa Mzee Tluway, mlinzi wa chemchemi, mtu wa maneno machache. Nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Aliuliza mtoto yuko wapi, akachukua fimbo yake, tukashuka pamoja. Njiani alisema mara moja tu:

"Binti, mimi nyati namwogopa, lakini nikimwona nawaambia watu wapite kwingine. Wewe umemwona, ukasema njia nyeupe."

Tulipofika kwa Ana aliniambia niseme mwenyewe. Nikasema. Ana alimfunga mtoto mgongoni, akaelekea zahanati akikimbia. Siku hiyohiyo mzee alinipeleka Karatu nikarudie maneno yale mbele ya ofisa wa maji. Mafundi walikuja wakakuta bomba limepasuka korongoni, pale ng'ombe wanapovuka, na samadi inaingia ndani. Wakalitengeneza. Mama wa uji nilimwomba radhi hadharani, na makofi sikupigiwa.

Danieli alipona, Mungu ni mwema. Leo ni dereva wa watalii. Mimi na Ana tulipatana, tunasali kanisa moja, tunavuna mahindi pamoja. Lakini kila akija kwangu, mpaka leo, huja na maji yake kwenye chupa. Chai yangu hunywa. Maji, hapana. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, na sidhani kama tutalizungumza.

Basi sikiliza, mwanangu. Kipimo kibaya si aibu yako, ni njia ya kumwita fundi. Ukiandika uongo, wote wanaokuamini wanapotea, kuanzia bwana afya hadi mama anayekoroga dawa ya mwanawe. Siku hizi mnatuma vipimo kwa simu, na kidole ni chepesi kuliko kalamu, kwa hiyo hatari imezidi. Nenda kilulani, pima, andika ulichokiona. Kama hukwenda kwa sababu tembo walikuwa njiani, andika hivyo hivyo, hakuna atakayekula nyama yako. Na zile namba za juzi usizifute. Zikate kwa mstari, uandike pembeni kwamba hukupima, uweke na jina lako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimejua kwamba ukuta mwingine haujengeki tena.

Mungu akulinde katika njia ya msituni. Akupe moyo wa kuandika baya ukiliona. Na kila atakayepokea maji mkononi mwako, anywe bila kukuuliza.